Nani Aliye Mshamba?



Katika lugha yetu ya Kiswahili lipo neno moja dogo ambalo limejeruhi mioyo mingi. Neno hilo ni "mshamba". Ukilichambua halina ubaya wowote, maana mshamba ni mtu wa shambani, basi. Lakini leo nani asiyejua linavyotumika? Mtoto wa shule mjini akimwita mwenziwe mshamba, hana maana kwamba mwenziwe hulima. Ana maana kwamba ni mjinga, hajui kuvaa, hajui kusema, hajui kukaa mbele za watu. Jina la mahali panapotoka chakula chetu limegeuzwa kuwa tusi, na wanaolitumia hulitumia huku wakila ugali uliotoka huko huko.

Kijijini nako wana neno lao la kujibu. "Huyo ni mtu wa mjini," husema, wakiwa na maana ya mtu wa maneno mengi na kweli chache, mtu wa kutazamwa mikono yake kila ajapo. Hivyo pande mbili zinarushiana maneno, na kila upande unajiona kuwa ndio uliodhulumiwa. Twapenda leo kulizungumza jambo hili bila kificho, kwa sababu chuki hii haimo kati ya makabila mawili wala mataifa mawili. Imo ndani ya jamaa moja, kati ya watoto wa mama mmoja.

Hebu tutazame mahali pamoja. Ilomba ni kata ya Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, kati ya Mwanjelwa na Uyole. Apitaye hapo huona malori ya viazi kutoka Umalila, ndizi kutoka Rungwe, mchele kutoka Kyela na Mbarali, mahindi kutoka Mbozi. Huona pia vijana wanaoshuka katika magari na mfuko mmoja begani, wakitafuta kazi. Mji wenyewe si wa zamani. Ulianza miaka ya 1920 katika nchi ya Wasafwa, wakati watu walipokuwa wakienda kutafuta dhahabu ya Lupa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,000 hivi. Katika hesabu ya mwaka 2022 walizidi 540,000. Miongoni mwao wamo wengi wasiozaliwa huko. Wametoka Tukuyu, Ileje, Makete, Njombe na kwingineko, nao wamewaacha nyuma wazazi, ndugu na makaburi ya babu zao.

Ndivyo ilivyo katika nchi nzima. Mwaka 1967, katika kila Watanzania mia moja, waliokaa mijini hawakufika kumi. Mwaka 2022 walikuwa 35 hivi. Kwa hiyo ni vigumu kumpata mtu wa mjini asiye na kwao kijijini, na ni vigumu pia kumpata mzee wa kijijini asiye na mtoto mjini. Basi tunapomtukana mtu wa upande wa pili, twamtukana nani kama si mama yetu au mwanetu?

Tusikilize kwanza malalamiko ya kijijini, maana ni ya zamani na mengi ni ya haki.

Mkulima asema: mji umenila tangu siku za babu yangu. Wakati wa ukoloni vijana wa Njombe na Iringa walichukuliwa wakawa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ili wapate fedha ya kodi. Baada ya Uhuru, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikiri jambo hili kwa maneno makali. Lilionya kwamba fedha zinazokopwa ng'ambo hutumika zaidi mijini, lakini hulipwa kwa mazao ya mkulima, na kwamba tusipoangalia, watu wa mijini watakuwa wanyonyaji wa watu wa vijijini. Mwalimu Nyerere aliliona hilo mapema. Hata hivyo, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, na mkulima akabaki bila chombo chake mwenyewe hadi sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika. Mwaka 2011 na tena mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, ili chakula kisipungue wala kisipande bei. Mlaji wa mjini alishukuru. Lakini mkulima wa Nyanda za Juu Kusini, aliyekuwa amenunua mbolea kwa bei ya soko, aliona bei ya mahindi yake ikianguka. Alijiuliza: kwa nini nafuu ya wote ilipwe na mimi peke yangu?

Tena kuna lumbesa. Wakulima wa viazi wanalijua neno hili vizuri kuliko sisi. Sheria ya vipimo yakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Lakini mnunuzi hufika shambani na gunia alilolishonea kipande kingine juu, akalijaza hadi likafanana na mtu aliyevaa kilemba, naye hulilipa kama gunia moja. Tuseme gunia hilo lina kilo 130. Mkulima auzaye magunia kumi ya namna hiyo ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu kamili ya jasho lake. Viazi hivyo vikifika sokoni mjini, huuzwa kwa visado na vindoo, na hapo kipimo kilichonenepa shambani hukonda ghafula. Mama wa Ilomba anayenunua kidogo kidogo naye hupunjwa. Basi mkulima na mama huyo wameibiwa na mtu mmoja, lakini wao hulaumiana: huyu asema watu wa mjini ni wezi, na yule asema watu wa shamba wamepandisha bei.

Kuna pia watoto wetu wa kike. Ni jambo lijulikanalo katika nchi nzima kwamba mabinti wengi wanaotumika katika nyumba za mjini hutoka Iringa na Njombe. Mgeni mwenye nguo nzuri huja kijijini, huwaahidi wazazi kwamba mtoto atasomeshwa, kisha mtoto huyo huamka kabla ya watu wote na kulala baada ya wote. Wengine hawalipwi mshahara kwa miezi. Wengine hunyimwa hata ruhusa ya kwenda Misa ya Jumapili. Akipata mimba, hurudishwa kwao kwa basi, na kijiji humpokea pamoja na aibu ambayo si yake peke yake.

Haya ni malalamiko ya kijijini. Lakini haki ina masikio mawili. Tusikilize na mjini.

Mtu wa mjini asema: kijijini wanadhani fedha huokotwa njiani. Mimi ninapanga chumba kimoja na watoto wanne. Kila mwezi simu inalia: ada ya mtoto wa kaka, dawa ya shangazi, bati la nyumba ya mjomba. Mgonjwa akiletwa Hospitali ya Rufaa, wanaomsindikiza hulala kwangu, nami hukopa unga dukani ili wasione haya. Nikituma kidogo naitwa mchoyo. Nisipotuma naambiwa nimesahau kwetu. Nikijenga nyumba kijijini watu hunong'ona nimezipata wapi fedha, na wengine hutaja uchawi. Kipande changu cha ardhi alichoniachia baba kimegawanywa nikiwa sipo. Na neno lililo chungu kuliko yote ni la msiba.

Juu ya msiba yatupasa kusimama kidogo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu imezuka desturi ya kuususia msiba wa mtu aliyekaa mjini. Maiti huletwa kwa gharama kubwa na safari ya usiku kucha, na jamaa wanapofika huwakuta wanakijiji wamekaa mbali, mikono kifuani. Hawachimbi kaburi, hawachoti maji, hawabebi jeneza. "Alikuja lini kutuzikia sisi?" huuliza. "Jizikieni wenyewe." Mjane huambiwa alipe faini kwanza. Wapo waliobeba jeneza la baba yao watu watano tu, wakipokezana, huku majirani mia wakitazama.

Ndugu wapenzi, twawaelewa wanakijiji. Mtu aliyekataa miaka ishirini kushika jembe la kaburi pamoja na wenziwe amevunja umoja, na umoja uliovunjwa huuma. Lakini kuzika wafu ni tendo la huruma ambalo Kanisa limelifundisha tangu zamani, na huruma haidai risiti. Tobiti aliwazika maiti wa taifa lake waliotupwa, bila kuuliza kwanza ni nani kati yao aliyehudhuria misiba yake. Aliye hai anaweza kuonywa, anaweza kutozwa faini, anaweza kukemewa mbele ya wazee. Maiti hasikii. Adhabu hiyo humwangukia mjane na yatima, ambao Mungu amejitangaza kuwa mlinzi wao. Atakayethubutu kumpiga mwenye kosa kwa kuwapiga watoto wake, ajue anampiga nani.

Sasa tuulize: Maandiko Matakatifu yafundisha nini juu ya mji na shamba?

Wako wanaosema kwamba Mungu yuko upande wa shamba, kwa kuwa alimweka Adamu bustanini, na kwamba mji wa kwanza ulijengwa na Kaini, muuaji wa nduguye. Ni kweli imeandikwa hivyo. Lakini tusisahau kwamba Kaini mwenyewe alikuwa mkulima, na kwamba damu ya Abeli ilimwagika kondeni, si mjini. Dhambi ina makao kote kote. Tena Biblia, ijapokuwa yaanza katika bustani, haimaliziki humo. Yamalizika katika mji, Yerusalemu mpya, na katikati ya mji huo mna mto, na mna mti wa uzima wenye kuzaa matunda. Mungu hakuuchagua mji akaliacha shamba, wala hakulichagua shamba akauacha mji. Katika makao ya milele vyote viwili vimepatanishwa.

Na Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe, je, alikuwa mtu wa wapi? Hapa wale wanaopenda kusema "mshamba" wangeinamisha vichwa. Alilelewa Nazareti, kijiji ambacho Natanaeli alikitilia shaka waziwazi kama kingeweza kutoa kitu chema. Mitume wake walikuwa watu wa Galilaya, na usiku ule wa mateso watu wa Yerusalemu walimtambua Petro kwa matamshi yake, kama vile leo mtu wa Makete anavyotambuliwa Dar es Salaam akifungua kinywa. Basi Mwokozi wa ulimwengu, katika macho ya wakubwa wa mji mkuu, alikuwa mshamba. Anayetumia neno hilo kwa dharau aangalie asije akawa amesimama uani pamoja na wale waliomcheka Petro.

Lakini huyo huyo Bwana hakuuchukia mji. Aliupanda mlima, akauona Yerusalemu, akaulilia. Na baada ya Ufufuko aliwatuma mitume wake waanze kuhubiri huko huko walikomsulibisha. Mtu wa kijijini anayeuombea mji mabaya, akitumaini kwamba wajanja wataaibika na kurudi na njaa yao, hana mfano huo kwa Bwana wake.

Hata juu ya lumbesa Maandiko hayakunyamaza. Nabii Amosi alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Alitoka kijijini akaenda mpaka Beteli kuwakemea wafanya biashara waliokuwa wakipunguza kipimo na kuongeza bei, naye Amazia, kuhani wa Beteli, alimwambia arudi kwao akale mkate wake huko. Torati ya Musa ilikataza kuwa na mawe mawili ya mizani, moja kubwa na moja dogo. Sasa lumbesa ni nini kama si jiwe kubwa la kununulia, na kisado kilichobonyezwa ni nini kama si jiwe dogo la kuuzia? Tusiuite werevu wa biashara. Jina lake ni wizi, na Amri ya Saba haikuweka msamaha kwa ajili ya viazi. Tena wafundisha maadili wa Kanisa wamesema daima kwamba aliyeiba hana budi kurudisha. Mfanya biashara Mkristo aliyetajirika kwa kilo za bure asidhani kwamba sadaka nono ya Jumapili itafunika deni hilo. Amrudishie mkulima kwanza, au ikiwa hawezi tena kumpata, awasaidie maskini kwa kiasi kile kile. Kisha aje altareni.

Na mkulima naye asijihesabie haki upesi. Nani aliyeficha viazi vidogo na vilivyooza katikati ya gunia? Nani aliyeuza mahindi mabichi akijua kwamba yataota ukungu ghalani? Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nasi sote tulijifunza kwamba nafaka isiyokaushwa vema yaweza kuwa sumu. Amri ni ile ile, shambani na sokoni.

Mwaka 1961, tarehe 15 Mei, Papa Yohane wa 23 alitoa barua yake Mater et Magistra. Humo alieleza sana habari za wakulima. Alisikitika kwamba watu wa vijijini wamefanywa wajione duni, akafundisha kwamba yawapasa kupata barabara, maji, shule, matibabu na bei ya haki, na kwamba wao wenyewe waungane katika ushirika badala ya kungoja kuinuliwa na wengine. Tarehe hiyo, 15 Mei, Kanisa humkumbuka pia Mtakatifu Isidori, kibarua wa shamba huko Madrid, Uhispania. Mwaka 1622 alitangazwa Mtakatifu siku moja na Inyasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresia wa Avila na Filipo Neri. Ona ajabu hiyo: mwanzilishi wa shirika la wasomi, mmisionari wa mataifa, mwalimu wa sala, mtume wa mji wa Roma, na pamoja nao mtu aliyefuata plau ya ng'ombe katika shamba la tajiri. Kanisa halikumweka nyuma kwa kuwa alinuka udongo.

Basi tufanye nini? Serikali ina kazi yake. Mwaka 1983 ilijaribu kwa sheria ya Nguvu Kazi kuwarudisha vijijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini. Walipakiwa katika magari, wakapelekwa, na wengi wao wakarudi. Somo ni hili: mtu hapendi kijiji kwa kusukumwa. Hukipenda kikiwa na zahanati yenye dawa, barabara inayopitika masika, na bei inayolipa mbolea. Mambo hayo twaendelea kuyaomba kwa wenye mamlaka. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji mamlaka.

Kwanza, wazazi wa mjini, liondoeni tusi hili katika nyumba zenu. Mtoto akilitamka mezani, mwulizeni chakula kilichomo sahanini kimetoka wapi. Na likizo ikifika mpelekeni kwa bibi yake, akashike jembe, akajifunze kusalimia wazee kwa heshima. Mwacha asili ni mtumwa.

Pili, wenye mabinti wa kazi, mkumbuke kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Aliye mkubwa mlipeni mwezi unapokwisha, mpeni mapumziko, na Jumapili aende kusali. Nanyi wazazi wa kijijini, msimkabidhi mtoto wenu kwa mgeni kwa sababu ya ahadi na nguo nzuri.

Tatu, ninyi mliotoka kijijini, msingoje kurudi na jeneza. Nendeni kumtazama mgonjwa akiwa bado anaweza kuwatambua. Shikeni koleo katika msiba wa jirani, hata siku moja kwa mwaka. Fedha ya kijana wa mjini ni njema, lakini mikono yake yatakiwa pia. Na ninyi mliobaki, kabla ya kupiga simu kuomba, pigeni moja ya kuuliza tu hali. Ndugu yenu apangaye chumba kimoja ana mizigo ambayo hakuwaambia kwa kuona haya.

Nne, wakulima wetu wauze kwa mizani, nao waungane katika ushirika wao, maana mtu mmoja akikataa lumbesa mnunuzi huvuka kwenda kwa jirani, lakini kijiji kizima kikikataa, hana pa kuvukia. Na jumuiya zetu ndogo ndogo za mjini zichague kila moja kigango kimoja cha kijijini, si kwa kupeleka nguo kuukuu, bali kwa kutembeleana, kusali pamoja, na hata kununua mazao moja kwa moja kwa bei ya haki.

Mwishowe tukumbuke kile tunachokitoa katika Misa Takatifu. Padre huinua mkate na divai. Ngano ililimwa na mtu wa shamba, ikasagwa na kuokwa na watu wa mjini. Zabibu zilivunwa kondeni, zikasindikwa kiwandani. Mmoja wao akikataa kazi yake, altare ingekuwa tupu. Bwana hakuchagua kuja kwetu katika umbo la nafaka mbichi peke yake, wala katika umbo la kazi ya viwanda peke yake, bali katika kitu kilichopita mikono ya wote wawili. Na aliagiza kwamba mtu akikumbuka altareni kuwa nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka na kwenda kupatana kwanza. Basi wiki hii, kabla ya Jumapili, kila mmoja wetu amtafute ndugu mmoja wa upande wa pili ambaye hajasema naye kwa muda mrefu. Ampigie, amwandikie, au apande gari amfuate. Asianze na hesabu ya makosa. Aanze na salamu.